Salimu Alivyokwenda Msibani

Mjukuu wangu Hemedi,

Salamu nyingi kutoka Barking. Mamako hajambo, kazi ya hospitali imemchosha tu. Mimi nina magoti yangu, na jirani mpya anayenichekea mno. Sijui anataka nini.

Unasema jaji wa huko Marekani amelikataa ombi lako la kutoka gerezani, na wakili mpya anataka kwenye rufaa ubadilishe maelezo yako. Unaniuliza, umwamini?

Nilipokuwa msichana hapahapa London, kaka yangu Salimu alifungwa kwa kifo cha jirani yetu. Hakumgusa. Ila alikwenda msibani, akabeba jeneza, akakaa na wafiwa, kama tufanyavyo sote. Mwendesha mashtaka akasema eti ni dhamira iliyokuwa ikimsuta. Rufaa ya kwanza ikakataliwa.

Akaja wakili mpya, tabasamu haliishi. "Tuseme hakwenda," akatuambia. Wazazi wangu wakaitikia. Mimi nikaingiwa na shaka: kwa nini jambo jema lifichwe?

Nikaenda kwa mama wa marehemu. Naye hakuniamini, alifungua mlango nusu tu. Nikamwuliza kama alimshuku Salimu kwa kuja msibani. Akanikodolea macho. Jibu lake alilirudia mbele ya majaji, na ndilo lililomrudisha kaka yangu nyumbani:

"Kwa kuja? Asingekuja, hapo ndipo ningemshuku."

Huyo wakili wako, mwulize anaogopa nini. Kisha mtazame usoni.

Mimi bibi yako,
Zuwena