Mjane Alilia Vibaya

Nakuru, Jumapili, 1957

Neno moja tu, "vibaya", limeninyima raha tangu tutoke kanisani.

Katika maoni yangu juu ya mchezo wa juzi, yaliyobandikwa mlangoni pa ukumbi, niliandika: "Mjane alilia vibaya." Nilimaanisha hakujua kuigiza kilio. Leo Wambui, aliyekuwa mjane huyo, amenishika mkono.

"Asante, mwalimu. Kweli nililia vibaya, hata mama alilia na mimi."

Nikaitikia kama mwizi aliyesalimiwa.

Halafu nikakumbuka. Alipoanza kulia, mimi nilikuwa nimeinama, naandika kuhusu koti la mwigizaji wa chifu lililokosa vifungo. Uso wake sikuuona. Nilisikia watu wakipenga kamasi, nikaudhika na kelele.

Karatasi siibandui. Ameisoma vizuri kuliko nilivyoiandika.