Mizinga Yangu na Fomu ya Serikali

Jumanne.

Bila ya miye, Makangale nzima isingejua ladha ya asali. Ndiyo maana leo, kwenye mkutano wa kuandikisha wafuga nyuki, sheha alinipa niseme mwanzo.

Nikasimama. "Nyuki ni wa Mungu, leo mwataka kuwapa namba? Mwaka ule walinifuata mpaka msikitini, wakanisubiri nje nimalize kusali!" Watu wakacheka, wengi wakaniunga mkono.

Bwana wa serikali hakucheka. Akasema mizinga isiyoandikishwa itaondolewa pembezoni mwa msitu. "Na kuandikisha si kazi, Mzee Hamadi. Nitakuja Alkhamisi, ufungue mzinga mmoja nione, basi."

Sheha akadakia, "Huyu? Atakufungulia kwa mkono mtupu!"

Nikakataa katakata, nikatoka nje.

Njiani mke wangu, Bi Mgeni, akanambia, "Baba Saidi, mizinga itakwenda kwa kiburi chako. Si umwambie tu yule bwana wa serikali ukweli?"

Naona Alkhamisi itabidi jina liandikwe lake. Mizinga yote anaifungua yeye, na moshi wake wa makumbi ya nazi. Miye hungoja ndoo kule barabarani, nimejifunika kanga yake gubigubi.