Kinu Kitupu

Mwaitu, mama yangu,

Naona aibu kukuandikia, lakini kunyamaza kungekuwa aibu zaidi. Kesho fundi alikuwa aanze kuchonga shairi kwenye kaburi lako, na shairi hilo ni langu.

Nililisoma siku tuliyokuzika. Beti nne, vina vimelingana, mizani haikupungua hata moja. Nilikuita nguzo, nikakuita taa, nikakuita chemchemi. Majirani wa kwetu Mumbuni walipiga makofi, na mimi mwalimu wa Kiswahili nikainamisha kichwa kama bibi harusi. Nilipoketi tu nikajua kwamba lile shairi lingemfaa mama yeyote. Wewe hukuwamo. Tangu hapo nashindwa kuwatazama wanafunzi wangu machoni, maana ni mimi ninayewaambia kuwa shairi halitaji uchungu. Linakuonyesha kitu kimoja, kisha linakuacha nacho.

Na kitu chenyewe nilikuwa nacho. Wiki ile tuliyomzika baba, nikitoka shule, nilisikia mchi wako tangu njiani. Nikakimbia, njaa imenishika, nikijua leo ni muthokoi, mahindi yaliyotwangwa kutoa maganda. Nikakukuta nyuma ya jikoni unatwanga, jasho linakutiririka, mdogo wangu Mutua, bado mchanga, umemfunga mgongoni kwa leso. Nikachungulia. Kinuni hamkuwa na hata punje.

"Mwaitu, mahindi iko wapi?"

"Wacha nimalize," ukasema, bila kuniangalia.

Nikaketi kando nikangoja. Ulipomaliza ulikiinamisha kinu, ukakipangusa vizuri kama siku zote, ukaenda kuwasha moto. Hatukuzungumza habari hiyo tena.

Sikuthubutu kuyasoma hayo mbele za watu. Niliogopa wangesema mwalimu mzima ameishiwa maneno, nikawapa taa na nguzo.

Leo asubuhi nimempigia Mutua. Nikamwambia shairi lisichongwe, liandikwe jina lako, na chini yake: Wacha nimalize.

"Sista, hiyo ni nini sasa? Si watu watatucheka?"

Nikamsimulia. Alikuwa hajui, mama. Alikuwa mgongoni mwako na hakumbuki chochote.

"Nilikuwa hapo?" akauliza. Nikamwambia alikuwepo. Akasema, "Sawa. Niko na namba ya fundi. Nitamwambia."

Nisamehe zile beti nne. Nilikuficha nyuma yake, na watu wakanisifu mimi.

Pumzika, mwaitu. Umemaliza.

Binti yako, kifungua mimba