Maua Mekundu kwenye Kitabu cha Hawe

Malindi,
9 Aprili 2025

Hawe yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umeketi, hujainama na jembe. Nimeanza na "hawe" kwa sababu nakumbuka ulivyonifokea Krismasi nilipokuita bibi. Sisi hatujambo, ila mama kifua kinambana tangu masika yaanze. Mgongo wako je?

Usishangae kuona karatasi badala ya simu. Likizo hii nashinda maktaba na vijana wenzangu kama thelathini. Asubuhi tunasomeana hadithi kwa sauti, mchana ni kazi za mikono. Karatasi hii nimeitengeneza mwenyewe kwa magazeti yaliyoloweshwa na kutwangwa, ndiyo maana ina madoa. Sasa tunafundishwa kushona vitabu kwa sindano na uzi. Mwalimu wetu, Bi Zeina, anataka kila mmoja amwandikie mzee wake kwa mkono, amwulize jambo analolijua, majibu yawe kitabu. Tarehe kumi na saba kuna maonyesho.

Nimewaambia wenzangu kwamba hawe yangu anajua dawa za miti. Mmoja akauliza kama unasafiri kwa ungo. Nikamchapa kofi hadi akaangukia gundi. Bi Zeina alinitoa nje, lakini sijutii.

Basi niandikie dawa zako. Zipporah jirani yako huleta mihogo sokoni huku, mpe yeye majibu.

Mjukuu wako na somo yako,
Janet Kavumbi


Mkongani, Gede,
11 Aprili 2025

Somo yangu,

Marahaba. Mgongo uko palepale, haujahama. Mwambie mama yako anywe tangawizi. Na hilo kofi umefanya vizuri, ungeongeza la pili.

Uzivumilie herufi zangu. Ngumbaru nilisoma miaka miwili tu, kisha marehemu babu yako akasema hawezi kula sima baridi kwa ajili ya a-e-i-o-u.

Majina ya miti ya vitabuni siyajui. Mimi dawa naikumbuka kwa mtu. Nikiingia msituni nasema leo nachuma ya Pola, au ya mtoto wa fulani, na mkono unaenda wenyewe. Kwa hiyo nakuandikia watu. Wa kwanza ni mwanangu Jefwa, baba yako mkubwa. Alikuwa na miaka mitatu, degedege limempinda, macho yamegeuka. Nilimfukiza mizizi kutwa nzima nimembeba kifuani, mwili wake ukiniunguza. Jioni akaomba uji. Huyo ndiye aliyenifanya niwe mganga. Wengine ishirini na watano wako karatasi ya pili, kila mtu na ugonjwa wake. Majani yao anayo Zipporah, yachore.

Lakini nisikilize vizuri. Kitabu kiwe chako na mwalimu wako, basi. Pola aliyekuchongea mwiko hayupo tena. Februari walimvizia kisimani saa nne asubuhi. Walimkata panga la shingo, na la pili, na vidole vyake tulivikuta vimebaki kwenye kamba ya ndoo. Mjukuu wake mwenyewe ndiye aliyewaonyesha njia. Kosa la Pola ni mvi, eti ni mchawi, na shamba lililo kando ya barabara. Mimi nilimfumba macho. Mvi zangu ni nyingi kuliko zake, shamba langu ni kubwa kuliko lake, na Jefwa ameshaniuliza mara mbili hati iko wapi.

Hawe yako,
Kavumbi


Malindi,
17 Aprili 2025

Hawe,

Shikamoo sana. Umelalaje, na mvua haikuingii ndani? Mama amepata nafuu, na tangawizi anainywa akiisema.

Hawe, nimekuwa wa kwanza! Nilikiita "Watu wa Hawe Kavumbi". Kila mtu ana ukurasa wake: jina, ugonjwa, jani. Mama alinitajia waliokwisha kufariki, tisa pamoja na mzee Pola, na kila mmoja nimemchorea ua jekundu la heshima kando ya jina. Rangi nimeitoa kwenye mbegu za mrangi, vidole vyangu bado vyekundu.

Najua uliniambia kiwe cha mimi na mwalimu. Lakini kila mtu aliweka chake mezani, nami niliona fahari. Tena nani wa Mkongani huja maktaba?

Aliyekuja ni baba mkubwa Jefwa, alisikia kwa mama. Alitununulia soda. Akakipiga picha kitabu kwa simu yake, ukurasa baada ya ukurasa. Ukurasa wake tu ndio aliouruka, akacheka, akasema, "Huu naujua." Aliniuliza maua maana yake nini, nikamweleza. Akanishika kichwa akasema nina akili.

Mjukuu wako,
Janet


Mkongani,
22 Aprili 2025

Somo,

Mwandiko huu ni wa Zipporah, maneno ni yangu. Salamu zako zilifika. Ukiniuliza hali, niko hai.

Ijumaa, Charo, yule kijana wa bodaboda, aligongwa na lori hapo njia panda. Alipokuwa mchanga nilimtibu tumbo, yumo kitabuni mwako. Jana tulimzika. Kabla udongo haujajaa, Jefwa akatoa simu akasoma majina mbele ya kaburi. Akawaonyesha maua. Akasema, "Hawa tisa mama amekwisha kuwamaliza. Charo ua lake lilikuwa linangojewa. Na ninyi wengine mmo humu humu."

Walikuja moja kwa moja kutoka kaburini, vijana wanane, saa nane mchana, mikono bado ina udongo. Ndugu yake Charo alikuwa mbele. Panga la kwanza lilinipata begani. La pili nilikinga kwa mkono, mfupa nikausikia. Jiko wakalitia moto na kuku wangu ndani, kuku wakapiga kelele hadi wakanyamaza. Zipporah alitoka na mchi akampasua mmoja taya, ndiyo pona yangu. Jefwa alisimama barabarani, ametupa mgongo.

Wewe umekosa. Nakwambia wazi, nisije nikafa nimekunyamazia. Nilikukataza. Lakini ua halimkati mtu, aliyekata ana jina.

Mama yako asije. Mkono umeshonwa.

Hawe yako


Malindi,
24 Aprili 2025

Hawe yangu,

Shikamoo, na sijui niombe radhi kwa mdomo gani. Sili. Kila nikifumba macho nasikia kuku.

Nilitaka kukichoma kitabu. Bi Zeina alikinyakua akakifungia kabatini, akasema hicho sasa ni ushahidi. Tumekwenda naye polisi, tumeandikisha. Amekupatia pia nafasi kwenye makao ya wazee wanaofukuzwa kama wewe. Njoo, nakupigia magoti.

Jana baba mkubwa alikuja hapa kutafuta hati ya shamba. Mama alipomwambia hatunayo, alimzaba kibao, damu ikamtoka puani. Nilikuwa na mkasi wa kukatia karatasi. Nilimrushia, ukampasua sikio. Ningekuwa na shabaha ningelenga pengine.

Mjukuu wako,
Janet


Mkongani,
28 Aprili 2025

Somo,

Nimezipata salamu. Homa ya kidonda imepungua. Kula, kufa kwako njaa hakutanifaa kitu.

Makao nitakwenda, lakini siondoki hapa nikikimbia kama mwizi wa mbuzi. Jumamosi chifu ameitisha baraza. Mpe Zipporah kitabu. Kisomwe chote, kuanzia ukurasa wa kwanza. Wenye maua wamelala, na Charo amelala. Waliobaki hai ni kumi na sita, nami nataka wasimame niwaone. Wewe usikanyage huku.

Hawe yako


Malindi,
30 Aprili 2025

Hawe,

Shikamoo. Kitabu hiki hapa, Bi Zeina amekitoa kabatini, nami nimekikaza uzi upya kisiachie. Bi Zeina amemwomba chifu askari wawili wawepo.

Waambie wasome ule ukurasa wa kwanza kwa sauti kubwa. Aaibike mbele ya kila mtu. Na Mungu anisamehe, Hawe, lakini natamani wamfanyie kama alivyokufanyia.

Mjukuu wako,
Janet


Makao ya wazee,
7 Mei 2025

Somo yangu,

Salamu. Nimefika hapa jana. Wanatupa uji asubuhi, mwepesi. Zipporah amenisindikiza, ndiye anayeandika. Mama yako keshakuambia nusu, lakini nusu nyingine usiisikie kwa watu.

Chifu alikisoma mwenyewe. "Jefwa, miaka mitatu, degedege." Jefwa akatazama chini. Zipporah akamwambia, "Tuonyeshe picha ya ukurasa huo." Haikuwemo kwenye simu. Ndugu yake Charo akauliza kwa nini umeachwa. Ndipo mtu mmoja nyuma akasema vigingi vya mnunuzi viko shambani kwangu tangu Machi.

Chifu akaendelea kusoma. Wakaanza kusimama, mmoja mmoja. Yule aliyenikata begani ni huyohuyo mdogo wake Charo, naye yumo kitabuni, nilimtibu surua. Alisimama analia. Walisimama kumi na watano. Nilifurahi, somo. Nilifurahi hadi nikasahau mkono.

Kisha huyo kijana akasema, "Kumbe ulitutuma tumuue aliyetuponya." Akaokota jiwe. Wakaokota wote. Askari walikuwa wawili, watu walikuwa mia.

Jefwa alikuwa na njia wazi ya kwenda barabarani. Hakwenda. Alinikimbilia mimi, akanishika kanga, akasema, "Mama." Nilimlalia juu. Wakanivuta kwa mkono huu mbovu, nyuzi zikakatika, wakanitupa kando. Walimpiga kwa mawe, kisha kwa benchi la baraza. Aliita mama mara ya pili, na baada ya hapo lilikuwa benchi tu linasikika. Niliwaambia basi, huyo ni wangu, nimemsamehe. Hakuna aliyenisikia, na ndio walewale waliosimama kwa ajili yangu.

Walipotawanyika nilimbeba kifuani. Alikuwa wa moto vilevile. Nilikaa naye hadi jioni, na hakuomba uji.

Uliandika wamfanyie. Wamemfanyia. Sikulaumu zaidi ya ninavyojilaumu, kwa sababu ni mimi niliyesema kisomwe kuanzia ukurasa wa kwanza.

Zipporah anakuletea kitabu. Jalada lina damu, usilifute. Chukua mbegu zako za mrangi, umchoree baba yako mkubwa ua kama la wenzake. Lichore vizuri.

Hawe yako,
Kavumbi