Siku Niliyompeleka Apiyo Mlimani

S.L.P. 88,
Kapkatet.
26 Machi 2025

Mpendwa Dada Sally,

Chamgei. Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Je, kile kifua kimepona? Baridi ya Leeds imepungua? Sisi huku tu wazima, ila ni uzima wa kujikokota. Mama anakula vizuri, lakini miguu bado imevimba, na siku hizi hawezi kutoka kitandani bila kushikwa.

Jua lilikausha chai sana, mvua imeanza majuzi tu. Ng'ombe amezaa ndama jike mwenye doa jeupe usoni.

Nina jambo ambalo nimeshindwa kukwambia kwa simu. Mama husikiliza kila kitu, na wewe huanza kucheka kabla sijamaliza.

Unamkumbuka Apiyo, yule wa ofisi ya kiwanda cha chai niliyekuwa nikiimba naye kwaya. Kila mwaka akina mama wa kanisa wakipanda mlima wa Tulwet kuomba, yeye hubaki chini akichunga mikoba. Husema ana presha. Hana presha, mimi ndiye humpima. Ni woga. Mapema mwezi huu alinifuata hadi wodini akaniambia, "Chepkorir, nipeleke mimi na wewe tu. Kama ni kutetemeka, nitetemeke mbele yako, si mbele ya kanisa zima."

Sikutaka kwenda. Nilikuwa nimetoka zamu sita mfululizo, na Jumamosi hiyo Nelvine, binti wa jirani, alikuwa amekubali kukaa na Mama hadi saa kumi. Nilitamani usingizi tu. Lakini Apiyo hajawahi kuniomba kitu, nikashindwa kumkatalia.

Ule mgongo wa mawe kabla ya kilele unaujua. Upande huu chai iko chini kabisa kama mkeka, upande ule msitu, na katikati ni pa kukanyaga mguu mmoja. Tulipokuwa wadogo tulipakimbia. Nilitangulia, nikamwambia atazame visigino vyangu, ajaribu jiwe kwa mkono kabla ya kuliamini kwa mguu. Alienda vizuri, hata akawa anaimba polepole. Halafu jiwe likachomoka chini ya kiatu chake, likaangukia upande wa msitu, na hatukusikia lilipotua. Apiyo akaketi, mguu huku, mguu huku, kama aliyepanda punda, akakumbatia mwamba. Hakwenda mbele wala nyuma.

Nilimbembeleza. Nikamshika mkono, nikaomba naye. Wingu zito lilikuwa likija kutoka upande wa Sotik, na mawe yale yakilowa huwa kama sabuni. Nusu saa ikapita.

"Siwezi," akasema. "Mwili umekataa."

Nikamwambia, "Ngoja niangalie kama kuna njia nyingine."

Hakuna njia nyingine, dada, na wewe unajua. Nilienda nyuma ya lile jiwe kubwa, nikakaa. Akaniita. Akaniita tena. Nilimsikia vizuri na sikuitika.

Sikuwa nimemkasirikia. Wodini naitwa kutwa, nyumbani Mama ananiita kabla sijavua viatu, na sasa hata kule juu jina langu linaitwa. Nilitazama mikono yangu nikawaza: akianguka, angalau kutanyamaza. Sentensi hiyo nimeifuta mara mbili. Sasa naiacha.

Tone la mvua liliponigusa shingoni niliinuka nikarudi. Sijui ni dakika ngapi zilikuwa zimepita. Niliketi tukitazamana, magoti yakigusana, nikamwambia asigeuke, ajivute tu kinyumenyume, mimi nitamwonea njia juu ya bega lake. Kushoto kidogo. Teremsha mguu. Ngoja. Ndivyo tulivyorudi, tumekaa, hadi suruali zikatoboka. Mvua ilipomwagika tulikuwa tumefika kwenye nyasi. Kilele hatukukiona.

Kesho yake kanisani Apiyo akasimama kutoa ushuhuda. Alisema waziwazi kwamba alilia, kisha akasema, "Chepkorir alizunguka kunitafutia njia, akanitoa." Watu wakapiga makofi. Mimi nilitazama sakafu.

Jumatatu hii nilienda kwake. Nilimkuta akichambua maharagwe, nikamweleza yote, hata lile nililowaza. Hakuacha kuchambua.

"Nilijua," akasema. "Niliona kitambaa chako cha kichwa kando ya jiwe. Hakikusonga."

"Sasa mbona ulinishukuru mbele ya watu?"

"Kwa sababu ulirudi." Akatupa jiwe dogo nje ya mlango. "Mwanzo nilikuogopa. Halafu nikaona, huyu amechoka kuliko vile mimi nimeogopa. Umeambia watu wenu?"

Nikasema bado.

"Mbona?"

Tulimaliza maharagwe pamoja, nikaenda nyumbani.

Basi nakwambia wewe. Nimechoka, Sally. Najua huko nako unatunza wazee wa watu na mgongo unakuuma, na sikulaumu. Dawa na soksi ulizotuma zimefika, zinamfaa. Lakini sasa siombi kitu cha kutumwa. Omba likizo ya mwezi mmoja, uje umwoshe Mama wewe mwenyewe, nami niende popote nikalale. Ukishindwa, niambie umeshindwa. Usinyamaze.

Msalimie shemeji Gibson, na Kipkemoi mwambie bibi yake anauliza kama amefikia mlango kwa urefu. Jirani Rodah na watoto wake wanakusalimu. Apiyo pia. Mama nimemwambia nakuandikia, akasema nikuombee barabara kavu na watu wa kukusaidia popote ulipo. Na iwe hivyo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Chepkorir