Kiti cha Ishimwe na Neno Nililolimeza

Mpendwa mshauri Esperansia,

Shikamoo. Naomba msaada wako wa kuchagua kiti cha gari cha mtoto. Nilitaka kuandika hivyo tu na kuishia hapo, lakini nimeshachana karatasi mbili kwa sababu kila nikianza na kiti naishia kwa mama mkwe wangu, kwa hiyo naandika yote na nakuomba univumilie.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nyabusozi, wilayani Biharamulo. Mume wangu Danstan ni bwana shamba na tuna gari dogo tunaloendesha wote wawili. Tuna mtoto mmoja wa kike, Ishimwe, mwenye mwaka mmoja na miezi sita, na tulimpata baada ya mimba mbili kuharibika, ndiyo maana hata kabla hajazaliwa Danstan alikuwa ameshaagiza kiti kutoka Mwanza, kile cha kugeuza, ambacho mtoto akiwa mdogo anakaa akitazama nyuma ya gari na akishakua kinageuzwa atazame mbele. Hapa kwetu watoto wanapakatwa, watu walitushangaa, lakini Danstan alisema mtoto aliyengojewa hivi hapakatwi kwa kubahatisha.

Mama yake Danstan anaitwa Koleta, ni mjane, anaishi Rulenge na analima kahawa na maharage. Mwanzoni alikicheka kile kiti, akasema mtoto anafungwa mgongoni, hafungwi kwenye kiti kama mgonjwa, lakini kwa kuwa likizo zote Ishimwe anakaa kwake, alijifunza kukifunga kwa kufuata picha za kile kijitabu, maana maandishi yake ni ya kigeni, akajifunza vizuri mpaka ikawa hakubali mtu mwingine amfunge mjukuu wake, na akishamfunga anavuta kila mkanda kuona kama umekaza, halafu anampiga busu la utosini na kufunga mlango.

Mwezi wa kumi na mbili, siku tatu kabla ya Noeli, nilikwenda Rulenge peke yangu kumchukua mtoto. Mama alimfunga kama kawaida, akitazama nyuma, tukaagana. Kwenye barabara ya vumbi mtoto alitulia, lakini tulipofika lami akaanza kulia, na si kulia kwa kawaida, mshauri, ni kile kilio cha kukauka sauti, na mimi simwoni uso kwa sababu amegeukia nyuma, nikahisi anapaliwa, nikahisi anakufa, nikasimamisha gari pembeni. Hakuwa na kitu. Alinyamaza mara tu aliponiona. Basi nikaona dawa ni anione, nikakigeuza kile kiti kitazame mbele, nikapitisha mkanda wa gari harakaharaka bila kuukaza, nikalegeza na ile mikanda ya mabegani ili ajisikie huru, nikasema moyoni safari yenyewe iliyobaki si ndefu. Tukaondoka na mtoto anacheka. Mbele kidogo lori la mizigo lililokuwa linakwenda Rusumo liliyumba kukwepa ng'ombe na kuingia upande wangu, nikafunga breki kwa nguvu zangu zote, hatukugongana na kitu, lakini kiti kilipinduka, mtoto akachomoka kwenye mikanda na kujipiga kwenye kiti cha mbele.

Alivunjika mtulinga, ule mfupa wa mbele ya bega. Hospitalini walimfunga mkono kwa kitambaa na kunieleza kwamba mfupa wa mtoto huunga upesi, na kweli umeunga, leo anabeba kikombe kwa mkono ule ule. Lakini siku ile Danstan alipofika, amekuja mbio kwa pikipiki, amejaa vumbi mpaka kwenye kope, alichungulia ndani ya gari akaona kiti kinatazama mbele na mikanda imelegea, akaniuliza swali moja tu: "Nani alimfunga?"

Nikajibu, "Mama."

Neno moja, na lilikuwa kweli, mama ndiye aliyemfunga. Mengine Danstan alijimalizia mwenyewe kichwani na mimi nikamwachia ajimalizie. Jioni ile alimpigia mama yake simu, hakumtukana, alimwambia tu kwa upole kwamba asimguse tena mtoto kwenye gari. Nilikuwa nimesimama karibu naye. Nilisikia mama akisema labda alikosea, macho yake siku hizi hayaoni vizuri, labda alikosea. Nikanyamaza.

Sasa ni miezi minne. Mama Koleta hataki kumshika Ishimwe. Siku ya Pasaka tulipokwenda kumsalimu, mtoto alimkimbilia, yeye akaweka mikono nyuma. Wifi yangu Speciose, anayekaa Mwanza, ameniambia kwamba mama aliwasimulia wanawake wa jumuiya yao ya kanisani kuwa ndiye aliyemvunja mjukuu, na kwamba alikwenda kuungama. Mshauri, mama mkwe wangu ameungama dhambi yangu.

Danstan naye amekipeleka kile kiti stoo, anasema hakikumsaidia mtoto, ni heri apakatwe kama watoto wa wenzetu. Speciose anataka kutupatia kiti cha mwanawe, nacho ni cha kugeuza, ila kilikuwamo ndani ya gari lao lilipogongwa kwa nyuma. Rafiki wa Danstan ameona dukani kiti kipya ambacho ni cha kutazama mbele tu, kizuri, chepesi. Wiki mbili zijazo tunakwenda Rulenge kwenye upadirisho wa binamu yake Danstan, na lazima tuamue. Nichague kipi? Na nikisema ukweli, Danstan ataniamini tena nikiwa na mtoto barabarani? Wakati mwingine nafikiri ninunue tu kiti kizuri kuliko vyote, mambo yatulie yenyewe.

Mimi ninayeumia,
Mama Ishimwe, Biharamulo

*

Mama Ishimwe, marahaba, mwanangu.

Nimekusoma mpaka mwisho, na kabla sijakugombeza nataka ujue jambo moja: mama aliyesimamisha gari kwa sababu mwanawe analia si mama mbaya. Umepoteza mimba mbili. Kilio cha mtoto usiyemwona uso kinamtoa mtu akili, na anayesema yeye asingefanya kitu hajawahi kuwa peke yake kwenye usukani na mtoto anayekauka sauti. Kwa kusimama pembeni nakusifu. Ungembembeleza, ungemnyonyesha, ungembeba dakika kumi kando ya barabara, halafu ukamrudisha kama bibi yake alivyomweka. Kosa lako la barabarani ni kutaka kuwahi, na kosa hilo nalielewa.

Kosa la pili ndilo linalonisumbua. Hukusema uongo, unaniambia. Umekaa miezi minne ukimtazama mama mzima akificha mikono nyuma mjukuu wake anapomkimbilia, na bado unapima kama lile neno lilikuwa kweli au uongo? Wewe ni mwalimu. Mtoto wa darasa la tatu angekuletea jibu la namna hiyo ungempa alama gani?

Na tazama namna ulivyokifunga kiti na hilo neno pamoja, huwezi kuchagua kimoja bila kingine. Danstan amekiweka kiti stoo kwa sababu anaamini hata mama yake, mwenye kukifunga kwa makini kuliko wote, alishindwa nacho. Kumbe kilifungwa sawasawa na mtu anayejua, kikafunguliwa na wewe. Ukinyamaza, mwanao atapakatwa kwenda Rulenge, na lori jingine likiyumba hakuna mikono ya mtu, hata ya baba yake, itakayomshikilia. Kwa hiyo usiniambie mambo yatatulia yenyewe. Ukimya wako ndio utakaompandisha Ishimwe garini bila kiti.

Sasa kuhusu kiti. Cha Speciose mshukuru na ukikatae. Kiti kilichokuwa ndani ya gari lililogongwa kinaweza kuwa na ufa usioonekana kwa macho, na kitakuvunjikia siku unayokihitaji. Kile kipya cha kutazama mbele tu nacho kiacheni dukani. Mtoto wa umri wa Ishimwe ana kichwa kizito na shingo laini. Akitazama nyuma, gari likisimama ghafla mgongo mzima wa kiti unampokea. Akitazama mbele, kichwa kinarushwa na shingo ndiyo inayokivuta. Mwache atazame nyuma mpaka afikie uzito au urefu wa mwisho ulioandikwa kwenye kiti chenyewe kwa upande huo. Usihesabu siku ya kuzaliwa, wala usijali miguu kukunjika. Mtoto anajua kukunja miguu.

Kiti chenu ndicho kiti. Hakikugongwa, kilipinduka kwa sababu mkanda wa gari haukukazwa. Kitoeni stoo, mkikague juani: ufa, mkanda uliochanika, kifungo kisichoshika, na tarehe ya mwisho wa matumizi, maana viti hivi vina mwisho wake. Someni kijitabu, mumtafute anayejua hiyo lugha awasomee, muone kama wenye kukitengeneza wanasema kibadilishwe kikishapinduka hivyo. Mkiona dosari, nunueni kingine kipya cha kugeuza, na msikilipie kabla ya kukijaribu ndani ya gari lenu, maana si kila kiti kinakaa kwenye kila gari.

Mkishakifunga kwenye siti ya nyuma, kishike pale mkanda wa gari unapopita ukitikise. Kikicheza zaidi ya upana wa vidole viwili, kaza tena. Mikanda ya mabegani, akiwa anatazama nyuma, itokee usawa wa mabega au chini kidogo, na ukijaribu kuufinya mkanda kwa vidole usipate pa kufinya. Najua baridi ya asubuhi huko Rulenge. Msimfunge na sweta zito wala blanketi ndani ya mikanda. Mfunge kwanza, ndipo umfunike kwa juu.

Nenda kamwambie Danstan leo, mtoto akiwa amelala mchana, mkiwa mmekaa. Usianze na lori wala ng'ombe. Anza na "mimi". Halafu nendeni Rulenge kabla ya upadirisho, si siku hiyo ya ngoma na wageni, ukamwambie mama Koleta kwa mdomo wako mwenyewe. Simu hapana. Kumtuma Danstan hapana. Na usimwombe akusamehe papo hapo. Wewe mpe ukweli, msamaha atautoa akipenda.

"Ataniamini tena?" unauliza. Hilo siwezi kukuahidi. Ninachojua ni kwamba sasa hivi anakuamini kwa jambo ambalo halipo.

Esperansia

*

Wasomaji, kwa kuwa safari ilikuwa karibu, jibu hili nilimtumia Mama Ishimwe kabla ya kulichapisha. Majina yote nimeyabadilisha. Wiki hii amenitumia ujumbe huu na kuniruhusu niutoe:

"Nilimwambia Danstan siku ile ile. Alitoka nje akaenda kukaa ndani ya gari, milango imefungwa, akakaa huko mpaka Ishimwe akaamka. Aliporudi alisema atanipeleka Rulenge lakini hatanisaidia kuongea. Njiani alisema jambo jingine moja tu, kwamba yeye naye hakumuuliza mama yake hata swali, alimhukumu tu.

"Tulimkuta mama uani anachambua maharage. Nilipiga magoti nikaanza na 'mimi' kama ulivyoniambia, nikamweleza nilivyokigeuza kiti na nilivyonyamaza. Alisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akatazama viganja vyake, akasema, 'Miezi minne naiogopa mikono yangu mwenyewe.' Akaingia ndani, akakaa muda mrefu. Danstan alitaka kumfuata nikamzuia.

"Alipotoka alikuwa ameshanawa uso. Alisema wanawake wa jumuiya walisikia habari ile kwake, sasa waisikie na kwangu. Jumapili baada ya misa nilisimama mbele yao nikasema. Wengine waliguna. Mama alikaa kwenye benchi la mbele, hakuinamisha kichwa.

"Kiti tulikikagua, Danstan alimwomba mwalimu mwenzangu atusomee kijitabu, tukaona kiko salama. Kwenye upadirisho Ishimwe alikwenda akitazama nyuma, alilia kidogo, akalala. Mama hajaniambia kwamba amenisamehe, na mimi sijamuuliza. Lakini tulipokuwa tunaondoka alikuja mpaka dirishani kwangu, akasema, 'Likizo ya mwezi wa sita umlete. Nitampokea mwenyewe.'"