Hatua Arobaini na Mbili

Mjukuu wangu Nyanzala,

Marahaba. Huku Ipuli hatujambo, mama yako anavuna karanga. Unauliza utajuaje kama nyumba ya wazee unakofanya kazi ni salama.

Enzi za Mwingereza, nikiwa msichana, nilifua mashuka katika nyumba ya wazee hapa Tabora. Mzee Kasanda, mpagazi wa zamani, alikataa kushikwa mkono na mhudumu wetu. "Huyu ana jina la mke wa mwanangu. Kwetu mwenye jina la mkwe ni mkwe. Mkwe anipeleke chooni? Bora nitambae!"

Msimamizi akaandika: mkaidi. Mzee akawa anakwenda peke yake. Nilihesabu hatua arobaini na mbili kutoka kitandani kwake hadi chooni, bila cha kushikilia, nikamwambia msimamizi.

"Wewe hesabu mashuka yako," akanijibu.

Siku ya nne mzee alianguka, akavunjika nyonga. Hakusimama tena. Mtunza bustani, mwanamume mwenzake, alikuwa akipalilia hatua sita kutoka pale. Msimamizi hakumwita. Hata mimi, hodari wa kuhesabu, sikumwita.

Basi waulize wazee wako wanataka kushikwa na nani. Mimi nikiletwa huko, anishike yeyote, mradi asiniandike mkaidi.

Bibi yako